Mabao kumi ya Chamazi na mali isiyo na cheti cha asili

Mabao kumi kwa sifuri. Ndiyo hesabu ambayo mabingwa wa Burundi, Vital'O, wamerudi nayo kutoka Dar es Salaam baada ya mechi mbili za awali za Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Yanga: manne tarehe 17 Agosti 2024, sita wiki moja baadaye. Mechi zote mbili zilichezwa uwanja wa Azam Complex, Chamazi. Na katika ile ya kwanza, kwa mujibu wa ratiba, Vital'O ndio waliokuwa wenyeji.

Baada ya hapo mabishano Bujumbura hayakupoa. Kuanzia Buyenzi hadi Bwiza, penye televisheni na kahawa ndipo penye kesi: nani alaumiwe, nani asajiliwe, nani atemwe, na Vital'O ijengwe upya kwa kuanzia wapi. Kinachoyafanya yawe magumu ni kwamba wengi wa wanaobishana wana timu mbili, moja ya nyumbani na moja ya Kariakoo. Yupo aliyevaa jezi ya kijani na njano siku ile huku ile ya zambarau na nyeupe ya Vital'O ikiwa kabatini, akashangilia mabao manne ya kwanza, na lilipoingia la saba kwa jumla akanyamaza. Anayeshabikia Simba naye alijikuta, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mzalendo wa Vital'O kwa dakika 180.

Utani wa Simba na Yanga umeingia Burundi kwa njia ileile inayoingiza saruji, mafuta ya kula na vitenge: kupitia Kobero, kupitia Mugina, kwa boti za Kigoma. Dereva wa lori anayelala njiani husikiliza mechi redioni, mwenye duka anayefuata mzigo Kariakoo hurudi na jezi za kuuza. Basi si ajabu kwamba dirisha la usajili la Tanzania hufuatiliwa Bujumbura kwa makini kuliko lile la ligi ya nyumbani, Primus Ligue.

Na kabla ya msimu wa 2024/25 dirisha hilo lilikuwa na mengi. Simba, waliofungwa 5-1 na Yanga Novemba 2023 na kumaliza ligi nafasi ya tatu nyuma ya Yanga na Azam, waliamua kubomoa nyumba na kujenga nyingine. Kocha mpya wa wakati huo, Fadlu Davids, alikuwa raia wa Afrika Kusini. Henock Inonga, beki wa Kikongo, aliuzwa Morocco. Clatous Chama, aliyekuwa kipenzi cha Msimbazi kwa miaka, alivuka barabara na kwenda Jangwani. Na Saido Ntibazonkiza, mwana wa Bujumbura, alishukuriwa na kuagwa akiwa na umri wa miaka 37.

Hapa ndipo mjadala wa Bujumbura ulipoachana na ule wa Dar es Salaam. Kule swali lilikuwa kama Simba mpya ingeiva mapema. Huku swali lilikuwa Saido. Kijana huyu alipita Uholanzi, Poland, Uturuki, Ufaransa na Kazakhstan, akarudi Vital'O, na mwaka 2020 akasajiliwa Yanga. Baadaye alichezea Geita Gold, kisha Simba wakamchukua katikati ya msimu wa 2022/23, na msimu huo akagawana ufungaji bora na Fiston Mayele wa Yanga, mabao 17 kila mmoja. Kwa shabiki wa Simba ni mzee aliyemaliza kazi yake. Kwa Mrundi ni ushahidi kwamba mali yao ina thamani hata jioni.

Ushahidi wa namna hiyo si mmoja. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, akachezea Vital'O kisha Yanga katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2004 alikuwa uwanjani na Monaco katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, ingawa timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo. Didier Kavumbagu aliifungia Yanga kabla ya kuhamia Azam. Laudit Mavugo alifuata Simba mwaka 2016. Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Amissi Tambwe, na kinastahili kusimuliwa vizuri kwa sababu ndani yake mna biashara nzima.

Mwaka 2013 Vital'O walichukua Kombe la Kagame huko Darfur, Sudan, wakiwafunga APR ya Rwanda 2-0 katika fainali. Simba na Yanga hawakwenda kwa sababu za usalama. Mpaka leo mtu wa Bujumbura akitaka kumchokoza Mtanzania huanzia hapo, na Mtanzania hujibu kwamba kombe bila wao halikuwa kombe. Tambwe ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa mashindano. Mwaka huohuo Simba wakamsajili, naye akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania msimu wa 2013/14 kwa mabao 19. Desemba 2014 Simba wakamtema. Yanga wakamwokota. Msimu wa 2015/16 akafunga 21, akawa mfungaji bora tena, na Yanga wakawa mabingwa.

Shabiki wa Simba bado anaumia kwa kisa hiki. Wa Yanga bado anacheka. Wa Vital'O ndiye ambaye angepaswa kuuliza swali na hakuuliza: mali ilipohama kutoka mnunuzi mmoja kwenda kwa mwingine, mzalishaji alipata nini? Mchezaji akiachwa huru, ada ya uhamisho haipo. Na pasipo ada, hakuna cha kugawana.

Mfanyabiashara wa mpakani ataelewa jambo hili haraka kuliko mwandishi wa michezo, maana sheria za FIFA zimejengwa kwa mantiki anayoijua. Mchezaji mwenye mkataba unaoendelea akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa ajili ya klabu zote zilizomlea tangu msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia. Kila msimu kati ya 16 na 23 una nusu asilimia. Tuseme kijana amelelewa Bujumbura misimu minne, tangu miaka 16 hadi 19, halafu miaka mingi baadaye klabu moja ya Dar es Salaam inamuuza Afrika Kaskazini kwa dola 100,000. Klabu ya Bujumbura inastahili asilimia 2, yaani dola 2,000. Akiuzwa tena, inastahili tena. Mali moja, ushuru wa kudumu kwa aliyeilima.

Lakini fedha hiyo haiji yenyewe. Inafuata karatasi. Klabu lazima iwe imemsajili kijana kwa shirikisho, kwa jina sahihi, tarehe sahihi ya kuzaliwa na msimu sahihi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kupitisha malipo haya, na inachoangalia ni pasipoti ya mchezaji: wapi alikuwa, lini, chini ya nani. Kwa lugha ya Kobero, ni cheti cha asili ya bidhaa. Mama anayevusha mzigo wa chini ya dola 2,000 kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anajua kwamba bila ile karatasi, ndizi zake za Burundi zitatozwa kana kwamba zimetoka nje ya Jumuiya. Kijana aliyecheza miaka mitano kwenye timu ya mtaa bila kuandikwa popote ni ndizi zisizo na cheti.

Nonda anaweza kutumika hapa pia, kwa upande wa bahati mbaya. Alihama Rennes kwenda Monaco mwaka 2000. Utaratibu wa asilimia 5 ulianza mwaka uliofuata, 2001. Klabu zilizomlea Bujumbura na Dar es Salaam zilitangulia sheria kwa mwaka mmoja. Waliohama baada yake hawana kisingizio hicho.

Kuna sababu nyingine ya klabu za Burundi kuuza kwa hasara au kutouza kabisa, nayo haina uhusiano na uzembe wa makarani. Ili mchezaji awe na bei ni lazima awe na mkataba wenye miaka mbele, na ili akubali mkataba mrefu ni lazima mshahara uwe na maana. Faranga ya Burundi imekuwa ikipoteza thamani, bei ya dola mtaani iko juu mno kuliko ile ya benki, na mafuta ya gari yenyewe yamekuwa ya kutafutwa kwa foleni. Mchezaji wa miaka 21 mwenye akili hawezi kujifunga miaka minne kwa mshahara ambao mwakani utanunua nusu ya unachonunua leo. Anasaini mwaka mmoja, anasubiri simu ya wakala, anaondoka huru. Kumwita msaliti, kama wanavyofanya baadhi ya washabiki wa Bwiza, ni kumlaumu muuza kahawa kwa kukimbilia mnunuzi anayelipa kwa shilingi.

Tena Bujumbura si mkulima tu katika soko hili. Ni mlanguzi pia. Klabu zake kwa muda mrefu zimechukua vijana kutoka Kongo Mashariki, upande wa Uvira na Bukavu. Anayelalamika kwamba Dar es Salaam inachuma bila kupanda angetazama ng'ambo ya Gatumba na kujiuliza klabu za kule zinasemaje kuhusu yeye.

Makocha nao wamo kwenye msafara. Masoud Djuma alikuwa benchi la Simba, Cédric Kaze aliinoa Yanga. Etienne Ndayiragije alipewa Taifa Stars, na Septemba 2019 akaiongoza Tanzania dhidi ya nchi yake mwenyewe kufuzu Kombe la Dunia: 1-1 Bujumbura, 1-1 Dar es Salaam, penalti zikaamua, Burundi ikatoka. Baadaye Burundi ikamrudisha kuifundisha Intamba mu Rugamba. Katika biashara ya kawaida hiyo huitwa kununua tena mali uliyoiuza.

Mechi ile ya 2019 ina jambo jingine la kukumbuka. Mkondo wa kwanza ulichezwa Bujumbura. Uwanja uleule, miezi michache kabla, Machi 2019, ulikuwa umebeba siku kubwa kuliko zote katika soka la nchi, sare ya 1-1 na Gabon iliyoipeleka Burundi katika fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kufikia Agosti 2024 uwanja huo, uliokuwa ukiitwa Prince Louis Rwagasore na sasa Intwari, ulikuwa haukubaliki kwa viwango vya CAF. Juni 2022 Burundi iliikaribisha Cameroon Dar es Salaam. Agosti 2024 Vital'O wakaikaribisha Yanga Chamazi.

Washabiki wengi wanaliona suala hili kama aibu. Lingeonekana kama bili. Mwenyeji wa mechi ya Afrika huuza tiketi, hujaza hoteli, huwapa kazi wauza maji, bodaboda na wachuuzi wa jezi. Vital'O dhidi ya Yanga ndani ya Bujumbura ingekuwa mechi ya kujaza mji: washabiki wa Yanga wa Kigoma na Kasulu wangepanda basi asubuhi, wale wa Uvira wangevuka Gatumba, na timu zote mbili zingekuwa nyumbani. Badala yake aliyegharimika ni mwenyeji, kwa safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na kila aliyeuza soda siku ile aliuza Chamazi. Hata kama Vital'O wangefungwa tu vilevile, na huenda wangefungwa, fedha ya kufungwa ingebaki Bujumbura.

Rwanda, Tanzania na Uganda zimejenga au kukarabati viwanja. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa fainali za Mataifa ya Afrika kwa pamoja, kwa kauli mbiu ya Pamoja yenyewe. Burundi ni jirani wa sherehe hiyo, si mwenyeji.

Swali la mwisho linalozunguka mitaani ni lile la Vital'O wenyewe. Ndiyo klabu yenye mataji mengi kuliko zote nchini, iliyocheza fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992 na kupoteza kwa Africa Sports ya Ivory Coast. Hata hivyo, kati ya ubingwa wake wa 2016 na huu wa 2024, kombe lilizunguka mikononi mwa wengine: LLB ya hapa mjini, Le Messager ya Ngozi, Aigle Noir ya Makamba, Flambeau du Centre ya Gitega, Bumamuru ya upande wa Cibitoke. Wazee waliokulia katika ushindani wa Vital'O na Inter Star wanaona huko ni kuporomoka kwa mji mkuu wa zamani. Wengine wanaona ni jambo jema kwamba soka limetoka Bujumbura na kwenda mikoani, na hawa wana hoja: Makamba iko jirani na Tanzania, na timu inayokua pale inaonekana na mawakala wa Kigoma kabla ya ile ya mjini.

Wanaotaka Vital'O ijengwe kwa kununua wanataka majina: warudishwe Warundi waliotawanyika, waletwe Wakongo wenye uzoefu. Wanaotaka ijengwe kwa kulea wanataka watoto wa miaka 14 wa Buyenzi na Kamenge. Ukitazama hesabu ya asilimia 5, hoja ya pili ina nguvu zaidi kuliko wanavyoijua wenyewe wanaoitoa. Mkongwe aliyerudishwa akiwa na miaka 34 hauziki tena. Mtoto wa miaka 14 aliyeandikwa vizuri, hata akiondoka bure akiwa na 20, anabaki kuwa na deni kwa klabu kila atakapouzwa hadi astaafu.

Kanuni za majirani nazo zinabana. Klabu ya Tanzania inaruhusiwa kusajili wachezaji 12 wa kigeni, na katika hesabu hiyo Mrundi ni mgeni sawa na Mbrazili. Mwenye duka wa Bujumbura anaweza kuingiza sabuni Tanzania kwa masharti ya soko la pamoja, lililoanza kutekelezwa Julai 2010. Mshambuliaji wa Bujumbura anagombea nafasi moja kati ya 12 na watu wa Abidjan, Lusaka na Ouagadougou. Mwenye fedha za kununua mgeni atachagua aliyekwisha kujulikana Afrika nzima, na Mrundi asiyejulikana atabaki akisubiri Namungo au Geita imkumbuke.

Ulaya ilipitia njia hii. Desemba 1995 mahakama ya huko ilimpa ushindi Mbelgiji Jean-Marc Bosman, na uamuzi ulikuwa na sehemu mbili: mkataba ukiisha mchezaji yuko huru kuondoka bila ada, na raia wa nchi za Umoja hahesabiwi mgeni katika nchi nyingine ya Umoja. Afrika Mashariki, kupitia kanuni za FIFA, imepokea sehemu ya kwanza. Ya pili haijaigusa. Kwa hiyo klabu ya Burundi inampoteza mchezaji bila ada kama ya Ubelgiji, lakini mchezaji wake akifika mpakani anaulizwa uraia.

Kuna wanaopinga, na si wabinafsi tu. Makocha wa Tanzania wanahofia vijana wao kukosa namba. Na hata Bujumbura, kufunguliwa kwa mlango kungeongeza mwendo wa wanaoondoka kabla klabu hazijajua kuandika mikataba. Mlango ukiwa wazi na ghala halina kufuli, aliyefurahi ni mmoja tu. Kwa mpangilio wa mambo yalivyo, karatasi zitangulie, mkataba wa miaka miwili au mitatu ufuate, kisha ndipo hoja ya Mrundi kutohesabiwa mgeni ipelekwe Arusha ikiwa na kitu cha kulinda.

Baada ya Chamazi Vital'O walirudi kwenye Primus Ligue, katika uwanja ambao wakati huo ulitosha kwa ligi ya nyumbani na haukutosha kwa Afrika. Baadhi ya vijana waliokula yale kumi walicheza vizuri vya kutosha kuonekana, hasa katika nusu saa za mwanzo kabla miguu haijachoka, na Chamazi haikosi mawakala. Dirisha dogo la usajili Tanzania msimu huo lilikuwa la kufunguliwa Desemba. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi siku hiyo kulikuwa na takriban miezi mitatu na nusu ya kujua ni wangapi kati yao walikuwa na mkataba unaovuka Juni.